Umetafuta kwa neno gani? Namna ya kupata na kuazima vitabu kwenye maktaba ya chuo kikuu

Nafanya kazi kwenye kaunta ya kuazimia ya maktaba ya chuo kikuu, hapa Tanzania, na swali ninalowauliza wanafunzi kuliko mengine yote ndilo hilo la kwenye kichwa cha habari. Mwanafunzi anafika, anasalimia vizuri, anasema kitabu alichoagizwa na mwalimu hakipo. Mara nyingi kipo. Kimeingizwa kwenye katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba, kwa jina ambalo hakulifikiria, au kipo rafu ya chini ya pale aliposimama, au kimeachwa juu ya meza hatua chache kutoka alipo. Inaniuma sana kumwona mtu akiandika kazi nzima kwa kutegemea kurasa za fotokopi zilizofifia, wakati kitabu chenyewe kimekaa ghorofani muhula mzima hakijaguswa na mtu.

Basi nitaeleza kazi hii inavyokwenda, kuanzia kompyuta hadi mlangoni.

Kwanza jisajili. Kwenye vyuo vingi kitambulisho cha chuo peke yake hakitoshi. Jina lako lazima liwemo kwenye mfumo wa maktaba, na usajili huo huhuishwa kila mwaka wa masomo. Nenda wiki za mwanzo, kabla ya kazi za semina kuanza na foleni kuwa ndefu. Ukiwa hapo kaunta uliza mambo haya: naruhusiwa vitabu vingapi kwa wakati mmoja, nakaa navyo siku ngapi, faini ni kiasi gani kwa siku. Majibu yanatofautiana chuo na chuo, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza hapewi sawa na wa uzamili. Omba pia nywila ya kuingilia akaunti yako ya maktaba. Wengi hawaiombi, kisha wanapata shida bure wanapotaka kuongeza muda wakiwa nyumbani.

Kutafuta kwenye katalogi

Siku hizi katalogi iko mtandaoni. Vyuo vingi vya Afrika Mashariki vinatumia Koha, programu huria iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000. Unaweza kuifungua kwa simu ukiwa hosteli, na nakushauri ufanye hivyo: utafutaji mzuri unataka utulivu, sio kusimama kwenye kompyuta ya pale mlangoni huku wenzako wanasubiri nyuma yako.

Ukiwa na jina la kitabu, usiandike jina zima. Andika maneno mawili matatu yenye uzito, pamoja na jina la ukoo la mwandishi. Kosa moja la herufi kwenye jina refu linatosha kukuletea ukurasa mtupu.

Kama huna jina la kitabu bali una mada tu, hapo ndipo panahitaji akili. Kompyuta haijui kwamba mwalimu, walimu na ualimu ni ukoo mmoja. Kwake hayo ni maneno matatu yasiyojuana. Alama ya nyota husaidia mwisho wa neno, ukiandika shule* itakuletea na shuleni, lakini Kiswahili hubadilikia mbele. Kwa hiyo tafuta mara kadhaa: shairi, kisha mashairi, kisha ushairi. Mkulima, wakulima, kilimo. Andika orodha hiyo kwenye daftari kabla hujagusa kompyuta, uipitie moja baada ya jingine.

Jambo la pili ndilo linalowakosesha watu vitabu vingi zaidi. Vichwa vya mada, yaani maneno yanayoonyesha kitabu kinahusu nini, kwenye katalogi za vyuo vyetu vimeandikwa kwa Kiingereza, hata pale kitabu chenyewe kimeandikwa kwa Kiswahili tangu jalada hadi faharasa. Sababu ni kwamba maktaba nyingi za vyuo hufuata orodha ya mada ya Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani. Kitabu cha sarufi ya Kiswahili kiko chini ya Swahili language, na diwani ya mashairi iko chini ya Swahili poetry. Ukitafuta "sarufi" unapata tu vile vitabu vyenye neno hilo kwenye jina. Ukitafuta kwa kichwa cha mada unavipata vyote, pamoja na vile ambavyo majina yao hayakudokezi chochote.

Orodha hiyo hukata pia viambishi vya majina ya makabila. Wachaga wanaingia kama Chaga, Wasukuma kama Sukuma, Wanyamwezi kama Nyamwezi. Kwenye majina ya vitabu tahajia nayo inacheza: utakuta Chaga na Chagga. Jaribu zote.

Na majina ya nchi, hasa kwa wanaosoma historia. Jina la Tanzania limeanza kutumika mwaka 1964, baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili. Vitabu vilivyochapishwa kabla ya hapo haviwezi kuwa na neno hilo kwenye jina, kwa hiyo tafuta Tanganyika, tafuta Zanzibar, na kwa enzi ya Mjerumani tafuta German East Africa na Deutsch-Ostafrika. Mwanafunzi anayetaka habari za mashamba ya mkonge na kuandika "Tanzania" tu, amejifungia nje ya miaka yote ya ukoloni.

Angalia tena kama unamtafuta mtu akiwa mwandishi au akiwa mada. Vitabu alivyoandika Mwalimu Nyerere viko kwenye kisanduku cha mwandishi, na jina la ukoo hutangulia: Nyerere, Julius. Vitabu vilivyoandikwa kumhusu yeye viko kwenye kisanduku cha mada. Ni orodha mbili tofauti.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni hii. Ukipata kitabu kimoja tu kinachokufaa, usikimbilie rafuni. Fungua ukurasa wake kwenye katalogi, shuka chini hadi kwenye vichwa vya mada. Viko kama viungo, unaweza kuvibonyeza. Bonyeza, na ndugu zake wote waliomo humo maktabani watajipanga mbele yako. Kitabu kimoja kinakupeleka kwa kumi bila kubuni neno jipya la kutafutia.

Mwisho soma hali ya nakala. Utaona ghorofa au sehemu kilipo, namba ya kitabu, na kama nakala ipo, imeazimwa, au haiazimwi. Andika namba yote, usiache hata nukta. Ukipiga picha kwa simu ni bora zaidi.

Kusoma namba ya mgongoni

Jengo jipya la maktaba la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, lililojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, limekusudiwa kuweza kubeba vitabu 800,000. Kwenye nyumba ya ukubwa huo hutapata kitabu kwa kuzurura. Unakwenda kwa namba, ile iliyobandikwa chini ya mgongo wa kitabu.

Vyuo vikuu vingi vinatumia mpangilio wa Library of Congress, unaoanza na herufi. H ni uchumi, biashara na jamii. J ni siasa, K ni sheria, L ni elimu, Q ni sayansi, R ni tiba, S ni kilimo, T ni teknolojia. Kiswahili, lugha na fasihi yake, kiko PL8701 hadi PL8704. Historia ya Tanzania iko DT436 hadi DT449. Maktaba za mikoa na za shule hutumia zaidi mpangilio wa Dewey, wa namba tupu: humo Tanzania ni 967.8, na lugha ya Kiswahili ni 496.392. Ukitoka mpangilio mmoja kwenda mwingine usishangae. Kitabu ni kile kile, anwani ndiyo tofauti.

Namba ya Library of Congress husomwa kipande kwa kipande. Herufi kwanza, kwa alfabeti: P iko kabla ya PL, na PL kabla ya PN. Kisha tarakimu inayofuata, ambayo ni namba nzima: DT31 iko kabla ya DT447. Kisha inakuja nukta, herufi na tarakimu nyingine, kwa mfano .K49, na hapo ndipo watu wanapopotelea.

Mwaka jana alinijia kijana anayesomea ualimu, karatasi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekosa nini?"

"Nimefika mpaka kwenye rafu yenyewe mama, hakipo. Na kompyuta inasema kipo."

Karatasi yake ilisomeka PL8704 .K49. Nikapanda naye. Pale rafuni akanionyesha: hii hapa .K5, baada yake .K52, halafu .K7. Alikuwa ametafuta kuelekea kulia, mbele ya .K5, kwa sababu arobaini na tisa ni kubwa kuliko tano. Nikamwambia asome tarakimu zile kama desimali: sifuri nukta nne tisa, na sifuri nukta tano. Ipi ndogo? Akanyamaza kidogo, kisha akapeleka kidole kushoto. Kilikuwa hapo hapo, chembamba, jalada la kijani lililopauka, kimebanwa na vinene viwili hata namba yake ilikuwa imejificha. Akakivuta kwa kidole, kwenye ncha ya juu ya mgongo. Nikamwonyesha namna nyingine: sukuma vya jirani ndani kidogo, kishike katikati, kitoke chenyewe. Kitabu kinachovutwa kwa juu ndicho kinachokatika mgongo.

Kwa hiyo kumbuka: .K49 iko kabla ya .K5, na .K5 kabla ya .K52. Mwaka wa kuchapishwa huja mwisho kabisa, toleo la zamani likitangulia.

Na ukishakipata, simama hapo hapo usome migongo ya jirani zake, rafu ya juu na ya chini. Mpangilio huu umetengenezwa ili vitabu vya mada moja vikae pamoja. Wanafunzi wazuri niliowaona wote wana tabia hii, wanakuja kwa kitabu kimoja wanaondoka na vitatu.

Kompyuta inasema kipo, rafuni hakipo

Usikate tamaa bado. Kuna mahali pa kutazama kwanza. Tazama rafu moja juu na moja chini, na nyuma ya vitabu vilivyo mbele, maana vyembamba huteleza vikaangukia nyuma. Tazama troli ya vitabu vinavyosubiri kurudishwa rafuni. Tazama meza za kusomea za ghorofa hiyo, na jirani na mashine ya fotokopi. Vitabu vikubwa kuliko kawaida vina rafu yao ya pembeni, muulize mhudumu ilipo.

Wakati wa mitihani kuna jambo jingine, nalo linaudhi. Wapo wanaoficha vitabu. Kitabu cha takwimu unakikuta katikati ya vitabu vya dini, mtu amekiweka ili kesho akikute peke yake. Tafadhali usifanye hivyo. Maktaba yenye nakala tatu kwa darasa la watu mia tatu haiwezi kubeba ubinafsi huo. Na ukikuta kitabu kimekaa pasipo pake, usikirudishe mwenyewe kwa kukisia. Kiweke mezani au kwenye troli, sisi tutakirudisha panapostahili.

Ukikosa pote huko, njoo kaunta na ile namba. Tunaweza kuona kwenye mfumo kama kilirudishwa juzi, kama kimepelekwa kufanyiwa ukarabati wa jalada, au kama kimehamishiwa rizavu, sehemu ya vitabu vinavyoazimwa kwa saa chache tu. Usione haya kuuliza. Wapo wanaodhani wanatusumbua, na mimi nasema hiyo ndiyo kazi tuliyosomea.

Kuazima

Kama hali ya nakala inasema imeazimwa, iweke oda kupitia akaunti yako. Kikirudi, kitashikwa kwa jina lako na mwingine hatapewa. Kwenye Koha ni kubonyeza kitufe kimoja, na bado ni wanafunzi wachache sana wanaokitumia.

Ukishapata kitabu, kabla hujakileta kaunta kipekue. Angalia kama kurasa zimechanwa, kama kuna mistari ya kalamu, kama jalada limeachia. Ukiona kasoro mwonyeshe mhudumu aiandike kabla ya kukupa. Kurasa zilizokatwa kwa wembe, zikigundulika siku unaporudisha, zitahesabiwa kuwa ni zako. Hakikisha pia tarehe ya kurudisha umeiona kwa macho yako, iwe imegongwa kwenye karatasi ya ndani au iko kwenye akaunti.

Vitabu vinavyotakiwa na darasa zima huwekwa rizavu. Huko unaazima kwa saa chache tu, unasomea ndani, na kwenye vyuo vingi unaruhusiwa kukichukua jioni karibu na kufunga, ukirudishe asubuhi mlango unapofunguliwa. Faini ya rizavu huhesabiwa kwa saa, nayo ni kali, kwa sababu kila saa unayochelewa kuna mtu anasubiri. Ushauri wangu: nenda rizavu mapema asubuhi au wakati wa mechi kubwa. Usiende siku moja kabla ya kuwasilisha kazi.

Kuongeza muda ni rahisi kama hakuna aliyeweka oda. Fanya kabla ya tarehe kufika, kwa akaunti au kwa kuja mwenyewe. Kitabu kikipotea, sema mara moja. Faini huendelea kupanda hadi siku unayotoa taarifa, na mara nyingi utatakiwa ununue nakala nyingine kama ile au ulipe thamani yake. Na ujue kwamba mwisho wa masomo kuna klirensi: bila muhuri wa maktaba cheti hutoki nacho. Nimewahi kuona mhitimu anasafiri kutoka mkoani kwa ajili ya kitabu kimoja alichomwazimia rafiki yake kwa jina lake mwenyewe. Usiazime kwa niaba ya mtu.

Vitabu visivyotoka nje

Kila maktaba kubwa ina hazina yake isiyoazimwa. Mlimani kuna sehemu iitwayo East Africana, inayohifadhi machapisho kuhusu Afrika Mashariki, ripoti za zamani na tasnifu. Humo unasomea ndani. Nenda na penseli, daftari na orodha kamili ya unachotaka, kwa sababu vitu huletwa na mhudumu, huingii rafuni mwenyewe. Kama unaandika tasnifu, anzia kwenye tasnifu za waliokutangulia, usome marejeo yao. Mtu aliyehangaika miaka miwili kukusanya vyanzo amekuachia orodha nzima bure.

Majarida ya zamani usiyapite. Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936 na baadaye kuitwa Tanzania Notes and Records, lina makala fupi fupi juu ya wilaya, makaburi, miti, samaki na koo, ambazo hazipo kwenye kitabu chochote. Katalogi hukuonyesha jina la jarida tu, haikuonyeshi makala iliyomo ndani. Kwa hiyo lazima upekue faharasa zake kwa mkono.

Kitabu kikikosekana kabisa chuoni kwako, omba maktaba ikuandikie barua ya utambulisho uende kusoma kwingine. Kwa kilimo na mifugo nenda maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ambayo ndiyo maktaba ya taifa ya kilimo. Kwa tiba nenda Muhimbili. Kwa historia ya visiwani kuna Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani. Asiye mwanafunzi naye asijione ametengwa: Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967 pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ni ya umma, na kwenye mikoa mingi kuna maktaba za mkoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ile ile inayoisimamia.

Vya mtandaoni navyo ni vya kwako. Chuo kikiwa kimejiunga na Research4Life, mpango wa kimataifa wa kuzipatia taasisi za nchi zenye kipato kidogo machapisho ya kitaaluma, kwa kuingia kupitia maktaba unapata Hinari kwa afya, ulioanza mwaka 2002, na AGORA kwa kilimo, ulioanza 2003: maelfu ya majarida na vitabu ambavyo ukienda kwa Google peke yake utaambiwa ulipie kwa dola. Maktaba nyingi za vyuo vya Tanzania hujiunga pamoja kupitia COTUL, ushirika wa maktaba za vyuo, kununua huduma za namna hii. Njoo na simu yako tukuonyeshe njia ya kuingilia, na tuangalie kama inafanya kazi ukiwa nje ya eneo la chuo.

Na kama kitabu unachokihitaji hakipo popote hapo, jaza fomu ya kupendekeza ununuzi. Iko kaunta, na vyuo vingine vimeiweka kwenye tovuti. Andika mwandishi, jina kamili, mwaka, mchapishaji, na kozi inayokihitaji. Ukipata saini ya mwalimu wa somo, fomu inakuwa na nguvu zaidi. Bajeti ikija, orodha ya kununua huandaliwa kutokana na fomu hizo. Kozi ambayo wanafunzi wake hawajazi haimo kwenye orodha, hata kama kila wiki wanalalamika darasani.